Mirambo na Barghash: Fahali Wawili, Kisima Kimoja

Msafiri afikaye Nzega leo hujikuta njia panda: huku Tabora, huku Singida, huku Shinyanga, huku Kahama na Rwanda. Nchi hii ya Unyamwezi haikuanza jana kukutanisha njia. Katika karne ya 19 misafara ilishuka na pembe za ndovu na watumwa kuelekea Bagamoyo na Unguja, ikarudi na nguo, shanga, bunduki na baruti.

Wakubwa wawili waliigombea njia hiyo. Unguja alitawala Sayyid Barghash tangu 1870, na raia zake wafanyabiashara walikuwa wamekita Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Magharibi yao, huko Urambo, aliinuka mtemi Mirambo na warugaruga wake. Mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walimwendea kwa silaha, Stanley akiwa pamoja nao. Wakashindwa, na Khamis bin Abdallah akauawa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzungukia kusini. Baadaye Barghash alipeleka askari, wala hawakumng'oa Mirambo.

Wahenga walinena: fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini fahali hawa walinywea kisima kimoja. Baruti ya Mirambo ilitoka pwani. Nayo pwani ilipata pembe nyingi za bara kwa njia aliyoweza kuifunga, tena mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Ndiyo maana vita vilipopoa Mirambo aliutafuta urafiki wa Barghash na wa balozi wa Uingereza, Kirk. Naye Tippu Tip, ambaye babake alikuwa na makazi Tabora, akawa na maelewano naye.

Bahati mbaya, suluhu hiyo ilikuwa ya watu, si ya nchi zao. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake ikaanza kumeguka. Barghash akafuata 1888. Miaka miwili baadaye Unguja ikawa chini ya himaya ya Waingereza. Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, hapakuwa na Urambo wala Unguja ya kumnusuru. Akaiwasha baruti yake mwenyewe.

Sisi wa visiwani twapenda kuikumbuka njia ile kwa utajiri uliotufikia. Tuikumbuke pia kwa hili: wawili waligombea mlango, wa tatu akaichukua nyumba.