Nasaba za Mpakani: Karatasi za Koo za Kasese na Bwera

Askari aliyepata kushika zamu katika kizuizi cha Mpondwe, karibu na Bwera, anaujua vema mto Lhubiriha. Ng'ambo ya mto huo ni Kasindi, katika nchi ya Kongo. Siku ya soko watu huvuka kwa wingi, wenye mizigo na wasio na mizigo, na wajibu wa askari ni kuwatambua. Humwuliza mpita njia jina lake, akajibiwa: Baluku. Humwuliza wa pili. Naye ni Baluku. Wa tatu, mwenye karatasi za Kongo, ni Paluku. Askari mgeni, aliyehamishwa kutoka Teso au Karamoja, aghalabu hudhani ya kuwa anafanyiwa mzaha. Wala si mzaha.

Miongoni mwa Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Kongo, ambao kwa asili ni watu wamoja, mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi aliyozaliwa. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Wapo pia wazaliwa wa kwanza waitwao Mumbere. Kwa upande wa wasichana, wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu, wa sita Kyakimwa. Ukivuka mto, Baluku huandikwa Paluku, Bwambale huwa Kambale, Masereka huwa Kasereka, Kule huwa Kakule na Thembo huwa Katembo. Kwa hiyo jina peke yake halimweleweshi askari huyu ni nani. Humwambia tu kwamba ni mtoto wa ngapi. Jeshini ni nambari inayomtofautisha Baluku na Baluku mwenzake. Kijijini ni jina la baba, jina la ukoo na kilima alikozaliwa.

Hapo ndipo historia ya familia inapoacha kuwa masimulizi ya wazee wakati wa jioni na kuwa jambo la usalama na la sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake mmoja, alikuwa wa jamii asilia zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wakonzo wametajwa katika orodha ya jamii hizo. Lakini kutajwa kwa kabila ni jambo moja, na mtu kuonyesha ya kwamba bibi yake alikuwa wa kabila hilo, na upande huu wa mto, ni jambo lingine. Tangu uandikishaji wa vitambulisho vya taifa uanze mwaka 2014, maelfu ya watu wa mpakani wamelazimika kuulizana ndani ya nyumba zao: babu alizaliwa wapi, alilipa kodi kwa chifu yupi, bibi aliolewa kutoka wapi?

Mpaka wenyewe haukuchorwa na watu wa Bwera. Mwaka 1910 huko Brussels, Waingereza na Wabelgiji walikubaliana kwamba mstari upite katika vilele vya Ruwenzori, kisha ushuke kwa mto Lhubiriha hadi Ziwa Edward. Ukoo wa Abaswagha ukajikuta una watu pande zote mbili. Kadhalika Abahira na wengineo. Upande wa Waingereza, Wakonzo walikwisha kuwekwa chini ya ufalme wa Toro kwa mapatano ya mwaka 1900, ambayo wao hawakushiriki kuyafanya. Watawala walioandika habari zao walikaa Fort Portal, mbali na milima ya kusini, na waliandika yale yaliyowahusu: kodi, kazi za barabara, kesi na fujo.

Mfano wa kalamu hiyo ni habari za Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya. Watu hao watatu waliongoza upinzani wa Wakonzo ulioanza mwaka 1919, wakakamatwa, wakanyongwa Kagando mwaka 1921. Mbele ya utawala wa siku zile walikuwa wahalifu. Mbele ya koo zao walikuwa mababu, na habari zao zilisimuliwa kwa sauti ya chini kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya mtu yeyote wa milimani kushika kalamu kuziandika kwa niaba ya wenyewe.

Kalamu hiyo ilishikwa mwaka 1954. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Isaya Mukirane, alianzisha chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo. Chama hicho hakikuwa na ofisi kubwa wala fedha. Wanachama walipanda vilima, wakawauliza wazee juu ya koo, mashujaa, mila na makaburi, wakaandika. Mwaka huohuo Mwingereza kijana, Tom Stacey, alifika na kutembea milimani pamoja na Mukirane, na baadaye akaandika kitabu juu ya nchi hiyo. Serikali ya kikoloni haikuona hatari katika daftari za mwalimu. Kwa kweli haikuwa hatari. Lakini watu waliokwisha kuandika habari za baba zao huanza kuuliza kwa nini hawamo katika maandishi ya wengine.

Na swali hilo ndilo lililoulizwa. Ilipokaribia Uhuru wa mwaka 1962, wajumbe wa Wakonzo na Waamba katika baraza la Toro hawakuanza kwa kudai bunduki wala kiti cha ufalme. Walidai kwamba katiba ya Toro itamke wazi kuwa nchi hiyo ina watu wa makabila matatu: Watoro, Wakonzo na Waamba. Walitaka kuandikwa. Walipokataliwa, walitoka barazani mwezi wa Machi 1962. Mukirane na wenzake walikamatwa. Tume ya Dakta Sembeguya ikaundwa kuchunguza. Na kabla mwaka haujaisha milima ilikuwa imeingia katika mapigano yaliyowagharimu raia wa kila upande, Wakonzo na Watoro, na askari waliotumwa huko wasioijua nchi wala lugha yake.

Mukirane alitangaza utawala wa Rwenzururu, akafariki mlimani mwezi wa Septemba 1966. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, akasimikwa angali mtoto wa miaka kama 13. Jambo ambalo askari wengi wa siku hizi hawalijui ni kwamba utawala ule wa mlimani, uliodumu miaka 20, ulikuwa utawala wa karatasi. Ulitoza kodi na kutoa stakabadhi. Uliendesha mahakama na shule, ukaandika mihtasari ya mikutano, ukapiga barua kwa taipu, ukaweka mihuri. Inashangaza kidogo kuona watu waliokosa chumvi na viatu wakiwa hawakosi wino. Lakini mwanzilishi wao alikuwa mwalimu, naye alijifunza kwa Waingereza kwamba serikali isiyo na majalada haitambuliwi.

Tarehe 15 Agosti 1982 Mumbere alishuka kwa mapatano na serikali, mapatano ambayo marehemu Amon Bazira alichangia sana kuyafanikisha, na silaha zikakabidhiwa. Silaha zilihesabiwa. Karatasi hazikuhesabiwa. Nyingi za aina hiyo zilibaki katika masanduku ya familia na makabati ya watu binafsi. Humo mna majina ya walipa kodi ambao serikali ya Kampala haikuwafikia kwa muda mrefu, mna kesi za mashamba na mahari. Kwa mjukuu anayetafuta kuthibitisha kuwa babu yake aliishi kilima fulani mwaka 1970, stakabadhi kama hiyo inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee yenye jina la mzee huyo.

Majalada ya serikali nayo yana safari yake. Kasese haikuwa wilaya hadi mwaka 1974. Kabla ya hapo mambo yake yote yalikuwa ya Toro. Ndiyo maana mtu wa Bwera mwenye shauri la ardhi la siku za ukoloni hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Fort Portal. Huko, nyaraka za zamani za wilaya, ambazo leo huitwa za Kabarole, zimepangwa upya na kupigwa picha moja moja katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani. Ni kazi iliyohitaji vitambaa vya kufutia vumbi, uvumilivu na vijana wenye macho mazuri.

Hata hivyo majalada hayo yana upungufu ambao hauwezi kurekebishwa kwa kupigwa picha. Kodi ya kichwa ilitozwa wanaume. Kwa hiyo katika vitabu vya kodi wanaume wamejaa na wanawake hawapo, kana kwamba Bukonzo nzima ilizaliwa na akina baba peke yao. Masika na Biira hutafutwa mahali pengine: katika vitabu vya ubatizo na ndoa, ambavyo huandika mama pamoja na baba, na ambavyo aghalabu hukaa parokiani. Kwa kuwa Katiba inamhesabu bibi sawa na babu, kitabu cha padri kinaweza kumfaa mtu kuliko jalada la mkuu wa wilaya.

Maadui wa karatasi hizi ni watatu. Wa kwanza ni maji. Mto Nyamwamba ulifurika mwezi wa Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba za Kilembe na kuiharibu hospitali yake. Wafanyakazi wengi walikuja Kilembe wakati wa mgodi wa shaba, tangu reli ilipofika Kasese mwaka 1956, na kwa wajukuu wao vyeti vya kazi vya zamani ndivyo ushahidi wa jinsi familia ilivyofika bondeni. Sanduku likizama usiku mmoja, ushahidi wa miaka 60 huwa tope.

Adui wa pili ni moto. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, baada ya ufalme wa Rwenzururu kutambuliwa na serikali mwaka 2009, palitokea mapambano mjini Kasese kati ya vyombo vya dola na walinzi wa mfalme. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo askari polisi, majengo ya ikulu yaliteketea, mfalme alikamatwa. Mashtaka dhidi yake yaliondolewa mwaka 2023, naye akarudi Kasese mwezi wa Oktoba mwaka huo. Historia ya siku zile mbili itaandikwa kwa muda mrefu, na wengi wataiandika kwa uchungu. Kwa wale wenye kulinda sheria kuna jambo moja la kuzingatia kuhusu operesheni ya aina yoyote: karatasi iliyoungua haimshtaki mwenye hatia wala haimwokoi asiye na hatia.

Adui wa tatu ni upekuzi uliofanywa kwa pupa. Nchi hii ya mpaka imeshambuliwa kweli. Waasi wa ADF waliingia Mpondwe mwezi wa Novemba 1996, na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Miili mingine iliungua kiasi cha kutotambulika, ikabidi wazazi watoe sampuli za vinasaba ili wapewe watoto wao. Askari aliyeshuhudia hayo hawezi kulaumiwa akipekua nyumba kwa ukali. Lakini katika nyumba ya Mkonzo daftari la ukoo, lenye orodha ndefu ya akina Baluku na Bwambale na vijiji vya pande mbili za mpaka, linaweza kuonekana kama orodha ya waandikishwa wa waasi. Likichukuliwa, liandikiwe hati, likasomwe na mtu ajuaye Lukonzo, na likionekana halina kosa lirudishwe kwa mwenyewe likiwa na kurasa zake zote.

Kuna mahali ambapo jambo hili limo mikononi mwa askari wenyewe, nako ni mezani pa kituo cha polisi. Daftari la matukio la kituo cha Bwera, hata kama halikukusudiwa hivyo, ni kitabu cha historia ya familia. Anayeripoti mwana aliyepotea, ng'ombe aliyeibwa au shamba lililovamiwa huandikwa humo, na miaka 50 baadaye mjukuu wake aweza kuja kuutafuta mstari huo. Mstari usemao "Baluku wa Bwera" hautamfaa mtu yeyote, wala mahakama. Mstari wenye jina la baba, jina la mama, ukoo, kijiji na kilima humchukua koplo wa zamu muda mfupi tu wa kuuandika.