Umaizi

Siku hizi mtu akisifiwa huambiwa ana akili, basi. Lakini tunalo neno kali zaidi: umaizi, kutokana na kitenzi maizi, chenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya kupambanua kitu na kingine. Mtazame mama lishe pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Kelele za wachuuzi hazimshughulishi. Ananyanyua shavu la samaki aone wekundu, anabonyeza mnofu, anaikagua mboni, huyoo, anapita meza ya pili. Ameshamaizi. Mwenye shahada tatu (tunao wengi) angeondoka na yule aliyevunda. Wahariri, neno hili limo kamusini. Lirudisheni magazetini, ila msilitumie mnapotaka kusema ujanja.