Udongo wa Bonde la Ufa na Motokaa za Kijapani

Ukisimama juu ya ukingo wa Menengai na kutazama kusini, utauona mji wa Nakuru umelala chini yako, ziwa lake likimeta nyuma yake, na upande wa kulia milima ya Mau imejipanga kama ukuta. Nchi yote uionayo ni kazi ya moto uliokuwa chini ya ardhi. Majivu ya volkano yaliyomwagika huku zamani za kale yamekuwa udongo laini, ambao wakati wa kiangazi huruka kama unga, na masika yafikapo hugeuka utelezi. Mkulima huusifu udongo huo. Dereva ana maneno mengine juu yake.

Hapo ndipo ianziapo habari nitakayo kukusimulia: habari ya motokaa za Kijapani zisukumwazo na magurudumu ya nyuma, na ya ule ustadi wa kuserereka ambao vijana wa leo huuita drifti. Wanafunzi wengi, wakiulizwa, hujibu kwamba mchezo huo umetoka Japani na kutufikia kwa njia ya sinema. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeacha nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ilitendeka katika nchi yetu wenyewe.

Kwanza yafaa tulielewe jambo lenyewe. Katika gari la namna hii magurudumu ya mbele yana kazi moja tu, nayo ni kuelekeza. Ya nyuma ndiyo yasukumayo. Juu ya lami kavu kazi hizo mbili hupatana. Lakini juu ya udongo uliolowa, dereva akikanyaga mafuta katikati ya kona, magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko, na mkia wa gari huanza kwenda nje ya kona kana kwamba unataka kuutangulia uso. Dereva asiyejua hushtuka, huachilia mafuta ghafula, na mara gari limegeuka nyuma mbele. Dereva ajuaye huuzungusha usukani kuuelekeza upande ule ule uendako mkia, huku akiendelea kukanyaga mafuta kwa kadiri. Na gari hupita kona kwa ubavu, kama mtu ateremkaye kilima chenye tope akitanguliza bega. Huo ndio mserereko. Yeyote aliyepata kuendesha pikapu tupu kutoka Molo mwezi wa Aprili ameuonja, apende asipende.

Mwaka 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, wapenda motokaa wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mashindano marefu ya barabarani yaliyoitwa Coronation Safari. Tangu mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa mvua, na hilo halikuwa bahati mbaya: waliyoyapanga walitaka tope. Njia zake zilipita Nakuru mara nyingi, zikapanda Mau, zikateremka mabonde na kupanda tena. Wala barabara hazikufungwa. Mshindani aliyekuja kwa kasi aliweza kukutana na basi, au punda, au ng'ombe wanaopelekwa mtoni. Katika mashindano ya mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, na 7 tu ndizo zilizorudi.

Mwaka huo huo wa 1963 kampuni ya Nissan ya Japani ilileta motokaa zake katika Safari kwa mara ya kwanza. Hakuna hata moja iliyokuwa miongoni mwa zile 7. Wakati ule wanunuzi wa Afrika Mashariki walizoea motokaa za Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, na kitu cha Kijapani kilidhaniwa kuwa cha bei rahisi na cha kuvunjika upesi. Wajapani hawakubishana na mtu. Walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata huo, wakitazama ni kipi kilichovunjika na kukitia nguvu. Pasaka ya mwaka 1970, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na mwenziwe Hans Schüller, walishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS. Huko Japani watu walikuwa wamekwisha kuyajua mashindano hayo kwa sinema: mwaka 1969 ilitolewa filamu iliyohusu dereva wa Kijapani ajaye kushindana katika Safari, akiigiza Yujiro Ishihara, ambaye alikuwa mwigizaji mashuhuri sana katika nchi ile. Kwa hiyo, msomaji, kabla kijana wa Nakuru hajatazama sinema ya motokaa za Japani, kijana wa Tokyo alikwisha kutazama sinema ya barabara zetu.

Kisha ikaja Datsun 240Z. Hiyo ilikuwa motokaa ya michezo hasa, yenye viti viwili, pua ndefu, na injini ya silinda 6 ya ujazo wa lita 2.4. Iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na wanunuzi waliokusudiwa zaidi ni Wamarekani wenye barabara pana na laini. Kuileta motokaa ya namna hiyo katika tope la Mau kungaliweza kuonekana kama kumvisha bwana arusi kanzu nyeupe akalime. Hata hivyo Herrmann na Schüller walishinda kwayo mwaka 1971, na wa pili akawa Shekhar Mehta katika 240Z nyingine.

Huyu Mehta anastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, na jamaa zake walikuwa miongoni mwa watu wa asili ya Kihindi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakahamia Kenya. Miezi michache baadaye, Pasaka ya mwaka 1973, alikuwa usukanini mwa 240Z. Mwisho wa mashindano, yeye na Mswidi Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, walikuwa na adhabu sawasawa, bila kupitana. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, na huyo akawa Mehta. Mtu aliyepoteza nchi kwa amri ya mtawala alipata taji kwa tofauti ndogo kiasi hicho. Baadaye alishinda tena mara 4 mfululizo, toka 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet, ambayo nayo ilisukumwa na magurudumu ya nyuma.

Mwenziwe katika sifa ni Joginder Singh, mwana wa jamii ya Makalasinga, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, ng'ambo tu ya Mau ukitoka Nakuru. Alikuwa amekwisha kushinda mwaka 1965 kwa Volvo; mwaka 1974 na 1976 alishinda kwa Mitsubishi Lancer. Yafaa niseme wazi kwamba katika miaka hiyo Waafrika weusi walikuwa wengi mno kando ya barabara, wakisukuma motokaa zilizokwama, na wachache mno ndani yake, maana mchezo huu ni wa gharama kubwa. Ilipofika mwaka 1994 Patrick Njiru akamaliza wa 4 katika Safari kwa Subaru Impreza, na hata hapo umati uliomshangilia ulijua vema ni kwa muda gani ulikuwa umengoja.

Motokaa za kusukumwa na magurudumu ya nyuma zilidumu hapa kuliko kwingi. Tangu mwaka 1980 kampuni ya Audi ilikuwa imeleta motokaa ya mashindano isukumwayo na magurudumu yote 4, na huko Ulaya wengi waliona ya kwamba zama za nyuma zimekwisha. Safari haikukubali upesi. Toyota Celica, ya kusukumwa nyuma, ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Ndipo mwaka 1987 Audi ikashinda, na ukurasa ukafungwa.

Sasa twende Japani. Mapema katika miaka ya 1970 Kunimitsu Takahashi, bingwa wa pikipiki aliyegeukia motokaa, alikuwa akiingia kona za viwanja vya lami kwa kuserereka, na watazamaji wakampenda kwa hilo. Keiichi Tsuchiya, aliyezaliwa mwaka 1956, akaujifunza ustadi huo katika barabara za milimani na kuueneza. Motokaa yake mashuhuri ni Toyota ndogo iitwayo AE86, ya aina ya Corolla, iliyotengenezwa toka 1983 hadi 1987. Mwaka 2001 drifti ilikuwa na mashindano yake rasmi, ambamo mshindi si atanguliaye kufika bali ni yule ambaye waamuzi wameusifu mserereko wake.

Je, Wajapani walijifunza mserereko kutoka kwetu? Nimesikia vijana wakidai hivyo kwa fahari. Mimi sikubaliani nao. Watu wawili wanaofanana sura si lazima wawe ndugu, na mwanahistoria hadai udugu mpaka auone ukoo. Takahashi aliserereka juu ya lami ili aokoe nukta za sekunde. Mehta aliserereka juu ya udongo kwa sababu udongo haukumpa njia nyingine. Kinachoweza kuthibitishwa ni kingine, nacho hakipungui thamani: jina jema la motokaa za Kijapani lilipikwa kwa sehemu kubwa katika barabara hizi. Watu waliona kwa macho yao kitu kilichodharauliwa kikirudi kizima. Walipopata fedha wakakinunua, tena kwa kuwa Japani, kama Kenya, huendesha upande wa kushoto, usukani ulikuwa tayari mahali pake.

Ndiyo sababu ukitembea leo katika karakana za jua kali utakuta bado Toyota Corolla kuukuu, zile ziitwazo DX, zimetunzwa kama mali ya urithi. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuleta nchini gari lililozidi miaka 8, basi AE86 ya Tsuchiya haiwezi kuja. Kijana mwenye hamu hulitafuta gari lililokuwako tangu enzi za babu yake. Fundi huchomelea difu ili magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa pamoja, na gari la kubebea maziwa huwa gari la mserereko. Penye uwanja uliofungwa sina ubishi na jambo hilo. Katika barabara kuu ya Salgaa na Sachangwan, majina ambayo mtu wa Nakuru hayasikii bila kuyakumbuka maiti, nina ubishi mkubwa.

Mwaka 2021, baada ya kukosekana katika mashindano ya dunia tangu 2002, Safari ilirudi na kupiga kambi Naivasha. Safari hii barabara zilifungwa, nyingi zikiwa ndani ya mashamba makubwa ya mifugo, hadi Elmenteita penye kilima kinachofanana na shujaa aliyelala. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda, na Mjapani Takamoto Katsuta akawa wa pili, wote kwa Toyota zenye kusukumwa na magurudumu 4. Vumbi lilikuwa lile lile.

Ile 240Z iliyoshinda mwaka 1971 ingali iko. Nissan imeihifadhi katika ghala lake la kumbukumbu huko Zama, karibu na Tokyo, ikiwa na rangi yake nyekundu na boneti nyeusi, na imekwisha kutengenezwa upya hata injini yake ikawaka. Kutoka hapo hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 10,000. Katika siku chache za Pasaka ile motokaa hiyo ilikwenda zaidi ya nusu ya umbali huo, na sehemu kubwa yake ni juu ya udongo.