Takwimu: kutoka kalamu ya mchungaji hadi kompyuta

Norsborg, katika wilaya ya Botkyrka, kusini magharibi mwa Stockholm, ilifikiwa na treni ya chini ya ardhi mwaka 1975. Wakazi wake wana asili ya nchi nyingi. Kutafuta wastani wa umri wao ni hesabu nyepesi, lakini vyombo vya kuifanyia vina historia ndefu.

Sweden ilianza kukusanya takwimu za watu wake nchi nzima mwaka 1749. Wachungaji wa Kilutheri walipewa majedwali yaliyochapishwa tayari, kazi yao ikawa kujaza tarakimu tu. Hata hivyo, mwanzoni matokeo yalifanywa siri ya dola. Mwaka 1766 mwanasayansi Pehr Wargentin alichapisha majedwali ya vifo yaliyotokana na hesabu hizo.

Karne mbili baadaye, mwaka 1968, Norman Nie na wenzake wawili waliunda programu ya SPSS katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Awali maagizo yalitobolewa kwenye kadi. Baadaye ikaja menyu ya kubofya. Mwanafunzi huchagua safu ya umri, akabofya, wastani ukatokea. Wasiotaja umri huachwa nje, na jedwali huonyesha ni wangapi waliohesabiwa.

R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman mjini Auckland, New Zealand, ilitolewa kwa leseni huria mwaka 1995. Kwa kawaida haibofywi, bali huandikiwa maagizo. Mtu mmoja tu asipotaja umri wake, R haitoi wastani mpaka mtumiaji aamue la kufanya. Anayeanza huona huo ni usumbufu. Mzoefu huona ni tahadhari.

Kwa kazi za awali, basi, SPSS ni nyepesi zaidi. Lakini wepesi huo una hatari yake: aliyeandika 1 kwa mseja, 2 kwa aliyeoa na 3 kwa mjane aweza kupata wastani wa ndoa usio na maana yoyote. R nayo itakubali kosa hilo hilo, iwapo tarakimu hazikutajwa kuwa ni majina tu.

Liko pia suala la gharama. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayerejea Dodoma au Kisumu baada ya masomo huweza kuiacha leseni ya SPSS chuoni, pamoja na mazoea yake yote. R husafiri naye bila malipo. Jarida la maagizo aliyoyaandika laweza kusomwa na mwenzake, akarudia hesabu na kuikosoa, jambo ambalo mchungaji wa mwaka 1749 hakuruhusiwa.