Ucheo, wala si Saa ya Dhahabu

Aghalabu ya wapiga picha wetu wa hapa Goma, wale wasio na studio wala mshahara wa kazi hiyo, ambao huamka alfajiri wakashuka hadi ufukoni mwa Kivu na kamera begani, hawahitaji kuelezwa ni nuru gani niizungumziayo. Ni ile ya jua lingali chini, ijayo kwa ubavu, ambayo, kwa kuwa imekata masafa marefu ya hewa na samawati yake imetawanyika njiani, hutufikia ikiwa imebakiwa na manjano na wekundu, ikampaka mdiria aliyetua juu ya boriti ifungayo mitumbwi mitatu ya wavuvi wa sambaza, hata kifua chake cheupe kikawa rangi ya mtama. Nuru hiyo sasa imepewa jina la "saa ya dhahabu", na jina hilo ndilo lililoniondolea usingizi.

Saa ya dhahabu, kwa Mswahili yeyote aliyewahi kupita mbele ya duka la sonara, ni kitu cha kuvaa. Kijana mmoja muuza sambaza, aliponisikia nikilitamka kwa kejeli, alinitazama kifundo cha mkono akasema, "Papa, iyo saa ya zahabu iko wapi? Sioni kitu ku mukono." Naye hakukosea.

Fauka ya hayo, si saa. Hapa kwetu, kusini kidogo ya Ikweta, jua hupanda karibu wima, hata likifika digrii 6 juu ya upeo wa macho dakika 25 hivi tu zimepita, na milima ya Rwanda hutunyang'anya baadhi yake. Ilhali London mwezi wa Juni, ambako jua hupanda kwa mshazari, muda huo hukaribia mara mbili. Waliotafsiri walichukua saa ya watu wengine, wakaja kutuvisha.

Ilhali lugha ilikwisha kutuwekea akiba. Kitenzi ni kucha, ambacho mababu walikitumia pasipo kumtaja mtenda: kumekucha, wakasema, basi. Kutokana na kucha likaja kuchea, na kuchea likazaa macheo. Likasimama mkabala wake kuchwa, ambalo wengine hulitamka kutwa, kama tusikiavyo katika mchana kutwa, nalo likazaa machweo. Herufi moja tu, w, ndiyo itengayo mapambazuko na magharibi, nami sijaona lugha ya Ulaya iliyojaliwa uchumi wa namna hiyo. Hata kuchelewa ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo: aliyechelewa, hapo kale, ni yule ambaye mapambazuko yalimkuta kitandani. Basi maadamu macheo ni tukio, nasi twataka jina la hali ya nuru, nilipendekeza tuondoe ma- tuweke u- ya uzuri na ya ubichi: ucheo kwa asubuhi, uchweo kwa jioni.

Niliwaandikia waheshimiwa wa kamati fulani, kwa hati ya mkono na kwa adabu zote. Jibu sijalipata, ila nimeiona ile saa katika orodha yao, inang'aa. Na mwenzangu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado twasalimiana, alidai mbele ya watu kwamba picha yenye ucheo ni picha iliyopandishwa cheo. Watu walicheka, nami nikacheka kwa kuwa adabu yalazimisha. Lakini mtu asiyeweza kutenga cheo cha karani na kucha kwa siku hastahili kukabidhiwa hata kiambishi.

Matumizi ni mepesi: mdiria katika ucheo, picha za ucheo, ucheo umekwisha. Na kwa kuwa jiwe letu jeusi, kama lile lililoshuka kutoka Nyiragongo Januari 2002 likapasua mji hadi ziwani, huidanganya kamera ikadhani kuna giza, punguza nuru kidogo, usije ukalipata la kijivu.

Jumamosi iliyopita nilikesha nikiwaandikia waheshimiwa wale barua ya pili, na niliposhuka ziwani wavuvi walikwisha kuuza sambaza wao, mdiria hayupo, na mwanga umekuwa mweupe kama chokaa. Nilikuwa nimechelewa, kwa maana yake ya asili.