Miti Saba ya Kamukunji

Kuanzisha chama si kazi ngumu. Watu hukutana, huchagua mwenyekiti, mwandishi na mtunza hazina, hupiga makofi, kisha kila mmoja hushika njia yake. Kazi ngumu huja baadaye, chama kinapoanza kukua. Chama ni kama mtoto: nguo iliyomfaa mwaka jana humbana mwaka huu, na akivishwa kanzu ya baba yake huikanyaga akaanguka. Vyama vingi vilivyoanza kwa shangwe vimekufa, wala havikuuawa na adui. Vimekufa kwa sababu vilikua, na wenyewe hawakujua namna ya kuvikuza.

Katika insha hii tutatazama jinsi chama kimoja cha nchi yetu kilivyoupita mtihani huo. Chama hicho ni Green Belt Movement, yaani Harakati ya Mkanda wa Kijani, na mwanzilishi wake ni Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri.

Katika miaka ya 1970 Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na pia mjumbe wa Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya. Katika baraza hilo alisikia malalamiko ya wanawake wa mashambani. Kuni zilikuwa zimeadimika, maji safi yalikuwa mbali, udongo ulichukuliwa na mvua, na watoto hawakupata chakula cha kutosha. Yeye aliona ya kuwa mambo hayo yote yalikuwa matawi ya shina moja, nalo ni kukatwa kwa miti. Akasema, kwa nini basi tusipande miti?

Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Alianzisha kampuni ndogo na kitalu cha miche karibu na msitu wa Karura. Mwaka 1976 alikwenda Vancouver, katika nchi ya Kanada, kuhudhuria mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya makao ya watu. Aliporudi alikuta miche mingi imekufa kwa kukosa maji. Mtu mwingine angaliacha. Yeye alilichukua wazo lake akalipeleka mbele ya Baraza la Wanawake, ili lisiwe tena mzigo wa mtu mmoja bali kazi ya wengi.

Ndipo ikafika tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani. Watu walifanya maandamano kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi uwanja wa Kamukunji, na hapo wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa waliotoka katika makabila mbalimbali ya Kenya, miongoni mwao Mekatilili wa Menza na Nabongo Mumia. Kazi hiyo ikaitwa Harambee ya Kuokoa Ardhi. Katika miti ile saba, mitano ilikufa. Miwili tu ndiyo iliyoshika.

Msomaji, usiipite habari hiyo kwa haraka. Kupanda ni kazi ya siku moja, tena hufanywa mbele ya macho ya watu. Kutunza ni kazi ya kila siku, nayo haina mtazamaji. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu kijana niliwaongoza wanafunzi wangu kupanda miche katika kiwanja cha shule. Tulihesabu mashimo kwa furaha na kuyaandika katika daftari. Ikaja likizo, kila mtu akaenda kwao, wala hakuna aliyepewa zamu ya kumwagilia maji. Tuliporudi tulikuta vijiti vikavu, na daftari letu bado lilisema kwamba tulikuwa na miti. Tangu siku hiyo nimejua tofauti ya hesabu ya mashimo na hesabu ya miti.

Chama cha kina mama kilijifunza tofauti hiyo mapema. Hapo kwanza kiliomba miche katika Idara ya Misitu, nao wakubwa wa idara wakaahidi kuwapa bure kadiri watakavyotaka, kwa kuwa hawakudhani ya kuwa wanawake wa vijijini wangeweza kupanda miche mingi. Haukupita muda mrefu wakaambiwa kwamba sasa hawana budi kulipa, kwa maana walikuwa wakichukua miche mingi kupita kiasi. Huo ulikuwa mtihani wa kwanza wa kukua: msaada uliokitosha chama kidogo haukukitosha chama kikubwa. Zaidi ya hayo, vitalu vya serikali vilikuwa mbali, na miche mingi ilikufa njiani.

Chama kikaamua wanawake wawe na vitalu vyao wenyewe, karibu na nyumba zao. Mabwana misitu waliitwa kuwafundisha, lakini masomo yao yalijaa maneno magumu ambayo mkulima wa kawaida hakuyaelewa. Basi wanawake wakatumia akili walizozizoea mashambani. Waliokota mbegu za miti ya kwao, wakazitia katika vyungu vilivyovunjika na makopo makuukuu, wakaangalia zinavyoota, na aliyefaulu akamfundisha jirani yake. Wakaitwa mabwana misitu wasio na shahada. Kila kikundi kilihimizwa kupanda miche isiyopungua 1,000 kwa safu, ili safu hizo ziizunguke nchi kama mikanda ya kijani, na hapo ndipo lilipotoka jina la chama.

Mtihani wa pili ulikuwa wa fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama kilipata msaada mkubwa kutoka mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kuwasaidia wanawake, na Jumuiya ya Misitu ya Norway ikashirikiana nacho. Fedha nyingi zikiingia ghafula katika chama huweza kukivunja kuliko umaskini. Lakini hapa fedha ziliwekewa utaratibu. Kazi iligawanywa katika hatua kumi, tangu kuunda kikundi na kutengeneza kitalu hadi kuikagua miche iliyokwisha kupandwa. Mwanamke alipewa malipo madogo, kama senti 4 za Kimarekani, kwa kila mche ulioshika baada ya kutolewa kitaluni. Hakulipwa kwa shimo, wala kwa ahadi. Alilipwa kwa mti ulio hai. Vijana waliajiriwa kuzunguka vijijini na kuhesabu. Kwa njia hiyo, chama kilichokuwa na maelfu ya watu wasioonana kiliweza kuaminiana kama chama cha watu kumi.

Mtihani wa tatu ulikuwa wa mabadiliko yaliyotoka nje. Mwaka 1987 chama kiliachana na Baraza la Wanawake, kikawa shirika la kujitegemea. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wote katikati ya Nairobi. Kwa ajili hiyo alitukanwa hadharani, na chama chake kikaamriwa kuhama mara moja katika ofisi ya serikali kilimokuwa. Kwa kuwa hapakuwa na mwenye nyumba aliyethubutu kukipokea, wafanyakazi wakahamia nyumbani kwake, mtaa wa South C, wakafanyia kazi humo kwa miaka kadhaa. Mpango wa jumba uliachwa baadaye. Wala vitalu havikufa siku ile ofisi ilipofungwa, kwa sababu mizizi ya chama haikuwa ofisini. Ilikuwa mikononi mwa vikundi vya vijijini.

Pamoja na miti, chama kilianza kuwafundisha watu mambo ya uraia. Katika semina zake watu waliulizwa matatizo yao, na matatizo yakajaza orodha ndefu. Kisha waliulizwa yametoka wapi, nao wakailaumu serikali. Hapo walipewa mfano wa msafiri aliyepanda basi lisilo lake: labda hakuuliza, labda alidanganywa, labda aliogopa, lakini maadamu hateremki, hatafika alikokusudia. Basi watu wakatambua ya kuwa wao wenyewe nao walikuwa na sehemu katika kuiharibu ardhi, na kwa hiyo walikuwa na sehemu katika kuiponya.

Mwaka 2004 Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Kifo cha mwanzilishi ndicho mtihani wa mwisho wa kila chama, na vingi huzikwa pamoja naye. Chama hiki hakikuzikwa. Kwa hesabu zake chenyewe, miti zaidi ya milioni 50 imepandwa tangu siku ile ya Kamukunji.

Sasa yatupasa kuuliza, ni nini kilichobadilika na ni nini kisichobadilika? Mahali pa kupata miche palibadilika, ofisi ilibadilika, wafadhili, sheria na hata masomo yalibadilika. Lakini nia ya kuiponya ardhi kwa mikono ya wenyeji haikubadilika, wala desturi ya kuhesabu kilicho hai. Chama kisichokubali kubadili njia zake hufa, na chama kinachobadilisha nia yake kimekwisha kufa, ingawa mlango wake ungali wazi.

Ninyi vijana mtaongoza vyama: vya michezo shuleni, vya akiba mitaani, vya maendeleo vijijini kwenu. Siku chama chenu kitakapokuwa na wanachama wengi, na fedha, na sifa katika magazeti, ikumbukeni miti saba ya Kamukunji. Msiulize tulipanda mingapi. Ulizeni ni mingapi iliyoshika, na ni nani mwenye zamu ya kumwagilia maji kesho.