Miguu inayowaka moto usiku: dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu kwa mwenye kisukari

Mwenye maradhi ya sukari akilala usiku nyayo zikaanza kuwaka moto, kuchoma kama sindano au kufa ganzi, mara nyingi chanzo ni mishipa ya fahamu. Sukari ikikaa juu kwa miaka huiharibu mishipa hiyo pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Maumivu huanzia vidoleni, miguu yote miwili, kisha hupanda taratibu. Hata shuka ikigusa huuma. Ukiuma au kuvimba mguu mmoja tu, huenda ni jambo jingine, na daktari aambiwe hivyo.

Wengi huanzia duka la dawa la mtaani. Panadol haisaidii sana maumivu ya aina hii. Diklofenaki ina hatari zaidi, kwani huumiza figo, na figo za mwenye kisukari tayari zina mzigo wake.

Dawa zinazofaa zilianza kama dawa za maradhi mengine: amitriptilini na duloksetini za sonona, gabapentini na pregabalini za kifafa. Kwa hiyo ukikuta neno kifafa kwenye karatasi ya boksi, usidhani umepewa dawa ya mtu mwingine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 130, ulianza na amitriptilini, pregabalini au duloksetini, na dawa ya pili ikaongezwa kwa ambao ya kwanza haikuwatosha. Nafuu ililingana. Kwa mfuko wa mtu wa kawaida hiyo ni habari njema, maana amitriptilini ndiyo rahisi kwa bei.

Huanzwa kidogo, miligramu 10 au 25 usiku, na daktari huipandisha polepole. Huleta usingizi, kinywa kukauka, choo kigumu, na kizunguzungu ukiinuka ghafla. Mwenye maradhi ya moyo, presha ya macho au mzee anayekojoa kwa shida aseme kabla hajaandikiwa. Gabapentini nayo hupunguzwa kipimo kama figo ni dhaifu. Amitriptilini humezwa mara moja usiku, hivyo haisumbui funga ya Ramadhani. Gabapentini ya mara tatu kwa siku inahitaji mpango na daktari mapema.

Usitarajie maumivu yote kuondoka. Yakipungua nusu ukapata usingizi, dawa imefanya kazi. Ipe wiki kadhaa kabla ya kuihukumu, na usiiache ghafla.

Aliyetumia metformini miaka mingi aombe kupimwa vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wake huleta ganzi ileile. Kama B12 haijapungua, sindano za vitamini mara nyingi ni hasara tu.

Ganzi isiyouma ndiyo inayokata miguu. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Asiye na hisia halisikii jino la panya, wala mwamba wakati wa kuokota pweza, wala maji ya moto. Kwa hiyo acha kuloweka miguu kwenye maji moto ya chumvi, na usijipake pilipili: ile krimu ya pilipili ya hospitali hupimwa, ya jikoni huunguza. Kausha katikati ya vidole baada ya kutawadha, kagua nyayo kila usiku (mjukuu akusaidie kama macho ni mazito), na kung'uta viatu kabla ya kuvaa.

Aliye Jang'ombe, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu. Wa mashamba aanze kituo cha afya chake au hospitali ya Kivunge au Makunduchi. Kidonda chochote cha mguu, hata kisichouma, kipelekwe siku hiyohiyo.